Lawino kwenye gulio la Ngara

Katika uhakiki, neno "taswira" tunalitumia kwa picha ambayo maneno huijenga kichwani mwa msomaji. Madukani neno hilohilo lina kazi nyingine: ni picha ya mtu au ya bidhaa machoni pa anayetazama, na picha hiyo ina bei. Kipo kitabu kimoja ambamo taswira hizi mbili zinakutana, nacho ni Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Nimekisoma tena mwaka huu nikiwa huku nilikozoea, kati ya Biharamulo na Ngara, ninakofundisha na ninakofanyia manunuzi yangu. Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kubisha ajiandae: fasihi yetu imemcheka vya kutosha mtu anayetumia pesa ili aonekane, lakini haijampa nafasi ya kujieleza.

Tuanze na methali, maana huko ndiko tunakojifunzia kuhukumu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Zote tatu zinamwambia mnunuzi jambo moja: usidanganywe na nje. Ni ushauri mzuri. Ila ukitoka Nyakanazi ukapita Lusahunga na Nyakahura kuelekea mpakani, utaona njia nzima vizuri na vibaya vyote vinajitembeza, tena kwa rangi. Duka la tofali za udongo limepakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi hadi kwenye kenchi, na jina la mwenyewe limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Nilimuuliza mwenye duka mmoja anapata nini kwa kugeuza ukuta wake kuwa tangazo la watu. Akanijibu, "Mwalimu, ukuta wa udongo mtu anaupita. Ukuta wenye rangi anasimama, anajua humu kuna soda ya baridi." Friji hana. Soda yake ipo kwenye beseni la maji. Lakini watu wanasimama, na wakishasimama wananunua sukari na sabuni zilezile za jirani yake mwenye ukuta wa udongo.

Methali haina la kumwambia huyu. Si tapeli, maana bidhaa zake ni nzima. Alichokifanya ni kuelewa kwamba mteja hununua kwanza kwa macho, na kwamba mwenye mtaji mdogo asipojitembeza atakaa na vizuri vyake mpaka vioze.

Sasa kitabu. Okot alitunga kwa Kiacholi, akatafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwaka 1966 Song of Lawino ikachapishwa Nairobi. Paul Sozigwa akatuletea Kiswahili chake mwaka 1975. Msemaji ni Lawino, mke wa Ocol. Ocol amesoma, ameanza kumwona mkewe mshamba, na amempata mwanamke wa kisasa, Clementine, ambaye Lawino anamwita Tina. Sehemu ambayo kila msomaji anaikumbuka ni ile Lawino anapompitia Tina kiungo kwa kiungo: midomo iliyopakwa rangi, uso wa poda, nywele zilizolazimishwa kuwa za watu wengine, mwili uliokondeshwa makusudi. Ni masimango ya mke mwenza ya kiwango cha juu. Darasani wanafunzi hucheka mpaka wa darasa la jirani wanakuja kuchungulia.

Tafsiri iliyozoeleka, ile inayoandikwa kwenye majibu ya mtihani, inasema Lawino ni utamaduni na Tina ni kasumba. Lawino ni kiini, Tina ni ganda. Mimi siikubali. Soma upya sehemu anazojisifu. Lawino anapenda mapambo kuliko mtu yeyote kitabuni. Anajisifu kwa chale za mwilini, kwa shanga, kwa mafuta anayojipaka, kwa mitindo ya kusuka na jinsi mwili wake unavyotazamwa uwanjani wakati wa ngoma. Anataka aonekane, na anajua aonekane na nani, wapi, na saa ngapi. Kwa hiyo ugomvi wake na Tina hauhusu kupamba au kutopamba. Anachodai ni kwamba kila watu wana mizani yao ya uzuri, nywele za Mzungu zinampendeza Mzungu, na ni ujinga kujipima kwa mizani isiyo yako.

Hoja hiyo ina nguvu hadi leo. Ila inadai jambo moja ambalo kitabu hakilichunguzi: kwamba tunajua mapambo yetu yametoka wapi. Chukua shanga tu. Katika karne ya 19 shanga nyingi zilizovaliwa bara ziliingia na misafara ya biashara kutoka pwani, na kati yake zilikuwamo za kioo zilizotengenezwa Venice, Italia. Pambo la kigeni likikaa muda wa kutosha mwilini mwetu linakuwa la asili. Hilo si kosa la Lawino, ndivyo mapambo yalivyo. Lakini linaufanya mstari uliochorwa kati yake na Tina uwe mwembamba kuliko tunavyofundisha.

Mpeleke basi Lawino kwenye gulio la Ngara, umuulize angenunua nguo gani. Ukitaka kumwona mwanamke wa huku aliyevaa "kiasili" siku ya sherehe, utamwona kwenye kitenge. Vingi vinaitwa vitenge vya Kongo, na jina hilo peke yake linapandisha bei. Lakini kitenge cha waksi kina safari ndefu. Viwanda vya Uholanzi, kama Vlisco ya Helmond iliyoanza mwaka 1846, viliiga batiki za Java kwa mashine, na soko lake likaja kushika Afrika. Sasa China nayo inamwiga Mholanzi, kwa bei ambayo mwalimu anaiweza. Muuzaji akikunja kitenge huacha ukingo wenye maandishi uonekane juu, na wateja huusoma huo kabla hawajagusa nguo. Yaani wanasoma taswira ya taswira ya taswira, kisha wanavaa na kusema hii ndiyo asili yetu. Na kwa kweli imekwisha kuwa yetu. Mama akivaa hicho kitenge msibani, hakuna anayeona Java.

Upande wa pili wa gulio kuna mitumba, na hapo mpaka wenyewe unaingia kwenye bei. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikakasirika, Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa kodi wa AGOA. Hayo ni mambo ya wakubwa. Huku maana yake ni rahisi kueleza: shati moja la mtumba, ukilisimamisha upande huu wa daraja la Rusumo, ni nguo ya mtu wa kawaida, ukilivusha, linakuwa bidhaa ya ghali. Serikali ya ng'ambo iliitaja heshima ya watu wake kuwa moja ya sababu, kwamba si vizuri taifa kuvaa kilichotupwa na wengine. Tazama hapo: serikali nzima ilikuwa tayari kugharamia mwonekano wake. Akifanya hivyo binti wa Ngara, tunamwita limbukeni.

Mama mmoja ninayemnunulia mashati alinifundisha zaidi kuliko makala nyingi nilizosoma. Akifungua robota hatundiki kitu siku ileile. Anafua, anapiga pasi ya mkaa, anatundika kwenye henga moja moja, meupe mbele. Yaliyobaki anayamwaga chini kwenye turubai, ya kuchagua. Nilimwambia kwamba baadhi ya ya chini ni mazima kuliko ya juu. Akacheka. "Najua, mwalimu. Ya chini ni ya anayetaka shati. Ya juu ni ya anayetaka kwenda mahali."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonirudisha kwa Okot. Anayetaka kwenda mahali. Kuna watu ambao nguo kwao ni nauli.

Na huku mpakani jambo hili si la mzaha. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya muda wa kama siku moja, na Benaco ikawa mji wa maturubai kabla ya dunia kujua jina lake. Desemba 1996 wakarudishwa. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na wapo walioondoka baada ya kuishi hapa miongo mizima, wakaacha migomba na ng'ombe. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Sura zinafanana. Kwa hiyo swali la "wewe ni wa wapi?" huulizwa kwanza kwa macho, kabla mdomo haujafunguka na kabla karatasi haijatolewa. Mtu akipanda basi kwenda Mwanza na shati lililopigwa pasi, viatu vimepigwa brashi, simu kubwa mkononi, hapo kwenye kizuizi ataulizwa kwa sauti moja. Akipanda na kandambili na fulana iliyopauka, ataulizwa kwa sauti nyingine. Nimekaa kwenye viti hivyo mara nyingi, na sauti hizo mbili nazijua.

Mwalimu mwenzangu, Mhangaza wa kuzaliwa, hasafiri bila koti la suti hata jua likiwaka vipi. Tunamtania kwamba anakwenda kuoa. Anasema, "Ndugu yangu, hili koti limenisaidia kuliko kitambulisho, maana kitambulisho mpaka waombe." Je, huyo ametupa pesa kwa mwonekano? Ukimpima kwa methali ya mkakasi, ndiyo. Ukimpima kwa safari zake, amenunua kitu halisi kabisa: kuachwa akae kwenye kiti chake.

Hapo ndipo naona pengo katika kazi ya Okot, na nalisema kwa heshima, maana ni kazi kubwa. Lawino alisema mwaka 1966. Ocol akapewa zamu yake katika Song of Ocol ya 1970. Mwaka 1971 Okot akatoa Two Songs, ambamo mfungwa ana wimbo wake na malaya ana wimbo wake. Tina hana. Mwanamke anayesemwa kuliko wote katika ushairi wa Afrika Mashariki hajafungua mdomo. Hatujui alitoka kijiji gani, alinunua poda yake kwa mshahara wa kazi ipi, alikuwa akihofia nini alipotazama kioo. Tunajua midomo yake ilikuwa na rangi. Hatujui ilimsaidia kupita wapi.

Wala si mashairi tu yaliyomnyamazisha. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari mosi 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi vikapigwa vita Dar es Salaam. Vijana wakawa wanawasimamisha dada zao barabarani kukagua nguo. Kwa hiyo tafsiri ya Sozigwa ilipofika, Tina alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwenye magazeti na vituo vya mabasi. Msomaji wa 1975 alikuta kitabu kinachokubaliana naye. Nadhani ndiyo sababu hatukuwahi kukibishia.

Utaniambia, vipi Rosa Mistika? Kweli, Kezilahabi mwaka 1971 alimsogelea binti wa aina hii kuliko mwandishi yeyote, na alimtoa hapohapo jirani yetu, Ukerewe. Lakini swali la riwaya ile ni malezi: baba mkali, binti aliyefungiwa, kisha dunia. Rosa anasikilizwa katika hukumu baada ya kifo. Mimi namtaka anayesikilizwa akiwa hai, tena akiwa dukani, mkoba mkononi, anapiga hesabu.

Sitaki nieleweke kwamba kila senti ya mwonekano ni halali. Lawino ana haki kwenye mambo mawili, na Tina akiandikiwa wimbo wake hayo hayana budi kuwamo.

La kwanza ni mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na bado mtu akitaka anajua amuulize nani. Hapa mnunuzi analipa ili mwili wake uumizwe, na mizani anayojipimia ni ileile aliyoishtaki Lawino. Miaka zaidi ya 50 baadaye, kwenye hoja hii mtunzi yule hajapitwa na wakati hata kidogo.

La pili ni sare. Msimu wa harusi ukifika, baada ya mavuno, kila kamati huchagua kitenge chake, na kila ndugu, jirani na mwanakikundi anatakiwa avae hichohicho. Jirani yangu mmoja hapa alinunua sare tatu kwa msimu mmoja, mbili kwa mkopo wa vikoba. Nilimuuliza, kama kaka anavyomuuliza dada, kwa nini asiende na gauni lake zuri la mwaka jana. Akanitazama kama mtoto. "Kaka, nikikaa bila sare nitaonekana sijachanga. Nikionekana sijachanga, siku yangu hawatakuja." Msiba, ugonjwa, ada ya mtoto: hiyo ndiyo siku yake. Kwa hesabu yake, sare ni bima. Na nikiri hesabu hiyo ina akili. Lakini tazama pia nani anafaidi. Kamati ikishachagua duka, duka halina sababu ya kupunguza bei. Fundi naye ana foleni. Mkopo una riba. Gauni linavaliwa siku moja, maana kulivaa kwenye harusi nyingine ni kutangaza kwamba huna jipya. Wanawake wawili wanaojuana tangu utoto wanalazimika kuthibitishiana mapenzi kupitia kaunta ya mtu wa tatu.

Hapa ndipo vicheko vyetu vya kifasihi vinapokosea shabaha. Methali zinamwonya mnunuzi. Lawino anamsimanga mnunuzi. Operesheni ilimkamata mnunuzi. Aliyepaka ukuta, aliyekunja kitenge ukingo juu, aliyepanga bei ya sare, wote wamekaa nje ya kitabu. Lawino anatuonesha rangi na harufu ya kila kitu, lakini risiti hatuioni. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ambacho mwandishi wa leo angeongeza, nitasema risiti. Tuambie koti lilikuwa shilingi ngapi. Tuambie lilinunuliwa kwa kahawa ya msimu gani, na nani nyumbani alikosa daftari kwa ajili yake. Tukishajua hayo tutacheka tukitaka, lakini tutajua tunamcheka nani.

Na kabla hatujajiona tuko salama sisi wapenda vitabu: sehemu ya mwisho ya malalamiko ya Lawino inahusu vitabu vya mumewe. Nyumba ya Ocol imejaa vitabu mpaka mke anaona mwanamume wake amepotelea humo. Ocol hatumwoni akisoma kwa furaha hata mara moja, tunaona rafu. Leo hatuna haja ya nyumba nzima. Tunapiga picha kitabu kando ya kikombe cha kahawa, kava ikitazama kamera, na kava nzuri inauza. Nimeona riwaya ileile ikiwa na bei mbili, toleo la kava jipya likikimbiliwa, na la zamani, lenye maneno yaleyale, likibaki kwenye vumbi. Mama wa mitumba angetuelewa mara moja. La chini ni la anayetaka kusoma. La juu ni la anayetaka kwenda mahali.

Kwa hiyo Wimbo wa Lawino bado nakipendekeza, tena kwa sauti, maana kimeandikwa kisikike. Kisome kwa ajili ya ghadhabu yake na ucheshi wake, na kwa ajili ya mwanamke anayejua thamani yake bila kuuliza duka. Ila ukifika kwa Tina, usipite haraka na kicheko cha darasani. Simama kidogo, umuulize amelipa kiasi gani, amemlipa nani, na alikuwa anajaribu kufika wapi. Wimbo wake bado haujaandikwa. Anayeuandika asihangaike kumtafuta Kampala au Nairobi. Yupo Kabanga, yupo Rulenge, yupo stendi ya Biharamulo asubuhi hii, na shati lake la juu, anangoja basi.